Pengo la Mtukufu Mlezi

Palikuwa na nchi, nami nawaomba msihangaike kuitafuta kwenye ramani, ambayo wananchi wake walikuwa na furaha kwa mujibu wa sheria. Furaha hiyo ilisimamiwa na Wizara ya Peremende, Michezo ya Familia na Meno. Zamani zilikuwa wizara tatu. Ya kwanza iligawa peremende, ya pili iliwahimiza wazazi wacheze na watoto wao, na ya tatu ilifuata nyuma ikiziba matundu ya meno. Wakubwa walipoona zinagombana kila mwaka, wakaziweka zote chini ya waziri mmoja. Ugomvi ukaisha siku hiyohiyo, maana ni taabu mtu kujiandikia barua ya malalamiko.

Katika wilaya mojawapo ya nchi hiyo alikuwapo tabibu wa meno, mama mmoja aitwaye Siwema. Hospitali ilimpa kiti kimoja, taa moja iliyowaka ikipenda, koleo tatu, na benchi refu ambalo kila asubuhi lilijaa watoto walioshika mashavu. Watoto hao hawakuwa walafi. Walikuwa watiifu. Shuleni kila mwanafunzi alitakiwa kunyonya tofi ya Tabasamu mara tano kwa siku, na mwalimu wa zamu alisimama mlangoni kuhakikisha hakuna anayeitema. Tofi hizo zilitoka kiwanda cha taifa, na kiwanda cha taifa kilikuwa cha shemeji yake Mtukufu Mlezi, kiongozi wa nchi. Mambo haya mawili hayahusiani hata kidogo. Nimeyataja pamoja kwa sababu yamekaa jirani.

Siwema aliwahi kuiandikia wizara barua ya adabu. Alieleza kwamba hana ugomvi na vitu vitamu. Mtoto akila peremende yake mara moja, baada ya chakula, akasukutua kwa maji, na akapiga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, meno yake yatadumu. Kinachoyaozesha ni kulambalamba kutwa nzima, kinywa kisipate hata saa moja ya kupumzika.

Majibu yalikuja baada ya miezi minane, mstari mmoja na mihuri minne. Neno "kuoza" na jamaa zake wote lilikuwa limefutwa katika msamiati wa wizara. Kuanzia sasa jino la mwananchi litahesabiwa kuwa "limepevuka."

Siwema akatii. Akaandika kwenye daftari: "Umri, miaka saba. Magego mawili yamepevuka. Yameng'olewa." Watoto waliendelea kulia vilevile kama zamani, jambo ambalo wataalamu wa wizara walishindwa kabisa kulielewa.

*

Nyumbani Siwema aliishi na mumewe Mahimbo, fundi cherehani mpole, na mama yake, Bibi Nuru, na binti yao wa pekee, Mwatumu, mwenye miaka tisa. Ijumaa walikula chakula cha mchana pamoja. Kisha kila mmoja alipata kipande kimoja cha kashata, wakasukutua, na mkeka ukatandikwa ukumbini kwa ajili ya michezo. Sheria ilitaka kila nyumba icheze Ijumaa saa kumi alasiri. Wao walikuwa wakicheza tangu sheria haijazaliwa, kwa hiyo hawakuona tofauti.

Mchezo walioupenda kuliko yote ni wa kununa. Mnakaa duara, mnatazamana machoni, mmenuna kama watu waliodhulumiwa shamba. Wa kwanza kucheka anaosha vyombo. Bibi Nuru ndiye aliyekuwa bingwa, kwa sababu alikuwa na kipaji cha kutikisa masikio bila kugusa kitu kingine chochote usoni.

Ijumaa moja, wakiwa katikati ya kununa, mlango ulifunguliwa akaingia Bwana Chikumbi, Afisa Furaha wa kata. Hakupiga hodi. Maafisa Furaha walikatazwa kupiga hodi, kwa kuwa hodi humpa mtu nafasi ya kujiandaa kufurahi.

Chikumbi aliwatazama. Watu wanne, saa kumi na dakika tano, wamekunja nyuso.

"Hii ni nini?" akauliza, akitoa kalamu.

Hakuna aliyemjibu. Anayejibu hupoteza mchezo.

"Nasema hivi, hii ni nini? Familia nzima imenuna ndani ya Saa ya Furaha! Mzee, kuna msiba hapa?"

Mahimbo alitikisa kichwa polepole, jicho halijatoka kwa mkewe.

"Hakuna msiba! Basi huu ni mgomo." Chikumbi akaanza kuandika. "Mgomo wa... nyuso. Nani kiongozi wenu?"

Hapo Bibi Nuru akatikisa masikio, la kulia kwanza, kisha la kushoto. Mwatumu akapasuka kwa kicheko. Siwema akafuata, Mahimbo akaangukia mto, na Bibi Nuru mwenyewe, akiwa ameshashinda, akacheka kwa raha zake mpaka akashika mbavu.

"Vyombo ni vyako, Mwatumu!" akasema. "Karibu, mwanangu afisa. Ungebisha hodi ungekuta chai."

Lakini Chikumbi alikuwa ameacha kuandika. Alikuwa ameinama, ametoa macho, anawatazama vinywani.

"Meno," akasema kwa sauti ya mtu aliyeona muujiza. "Mna meno. Nyote! Naomba mcheke tena, polepole, niyahesabu."

*

Hivyo ndivyo walivyochaguliwa kuwa Familia ya Mfano ya nchi nzima. Wizara ilikuwa imetafuta katika mikoa yote watu wanne wa nyumba moja wanaoweza kutabasamu mbele ya kamera, na mpaka siku hiyo ilikuwa imepata mmoja, naye alikuwa mgeni. Siwema aliuliza kama wanaweza kukataa. Chikumbi akamjibu vizuri tu kwamba kukataa ni haki ya kila raia, na fomu ya kukatalia inatolewa makao makuu, kwa wale ambao wamekwisha kukubali.

Wakaletewa mwalimu wa kicheko, sajenti mstaafu, ambaye aliwafundisha kucheka kwa hatua: kuvuta pumzi, kuonyesha meno ya juu, kuonyesha ya chini, kufunga. Kisha ikaja kamati ya kurekebisha mchezo wao. Kununa kulifutwa, kwa sababu za wazi. Kamati ikapendekeza kombolela, halafu ikaghairi, kwa kuwa mtu mwema hana sababu ya kujificha. Karata zikapitishwa kwa sharti kwamba asiwepo wa kushindwa, maana katika taifa lile hapakuwa na aliyewahi kushindwa.

"Sasa baba," Bibi Nuru akamwuliza mwenyekiti wa kamati, "mchezo usio na wa kushindwa si utakuwa mkutano?"

"Hasa, bibi!" akasema mwenyekiti, amefurahi kueleweka. "Ndicho tunachokitaka."

Siku ya maonyesho uwanja ulijaa tangu asubuhi. Familia ya Mfano ilikaa jukwaani juu ya zulia, ikigawana karata ambazo zote zilikuwa mfalme. Waziri wa Peremende, Michezo ya Familia na Meno, Mheshimiwa Lukwaro, mtu mnene mwenye sauti ya tarumbeta, akahutubia.

"Wananchi! Jino ni nini?" Akanyamaza wajiulize. "Jino ni mfupa uliojitolea! Mifupa mingine imejificha ndani ya nyama, inaogopa. Jino peke yake limetoka nje kuitazama nchi yake! Na je, jino linataka nini? Linataka sukari! Atakayewaambia kwamba Tabasamu hudhuru jino, mwulizeni: wewe umetumwa na nani?"

Siwema alihisi masikio yakiwaka moto. Alijua maneno yale yalitoka kwenye barua yake, yamegeuzwa kichwa chini miguu juu. Akacheza mfalme wake, akavuta pumzi, akaonyesha meno ya juu.

Ndipo Mtukufu Mlezi aliposimama, ili aonyeshe mfano kwa vitendo. Akafunuliwa tofi na watu wawili. Akaitia kinywani, akauma kwa nguvu za kiongozi, na tofi ikauma nayo. Alipojaribu kufungua mdomo haukufunguka. Alipoufungua kwa nguvu, tofi ilitoka, na ndani yake, limesimama wima kama mshumaa kwenye keki, lilikuwa jino lake la mbele.

Uwanja mzima ukasikia kipaza sauti kikipumua.

Katika nchi nyingine huenda mtu angeleta maji. Pale Mheshimiwa Lukwaro alipiga magoti, akaipokea ile tofi kwa kitambaa cha hariri, akaiinua juu.

"Jino la Mtukufu limepevuka!" akanguruma. "Na lilipopevuka, halikuanguka ovyo chini! Limekwenda lenyewe kuishi ndani ya tofi ya taifa!"

Wakapiga makofi robo saa. Jino lile, pamoja na tofi yake, likawekewa nyumba ya makumbusho na walinzi sita.

*

Jumatatu yake Siwema alikuta nje ya chumba chake mtu ambaye hakuwahi kumwona kwenye benchi lake: Mkuu wa Wilaya mwenyewe, amevaa suti.

"Nataka uniondolee hili," akasema, akionyesha jino la mbele.

Siwema akalipima, akaligonga. "Hili zima, mheshimiwa. Halina hata kidoa."

"Ndiyo maana nataka litoke. Mtukufu ana pengo, na mimi nitakaaje na meno yamejaa kinywani kama mpinzani?"

"Jino zima silitoi," akasema Siwema. "Nenda salama."

Akaenda, lakini kwa fundi baiskeli wa sokoni, ambaye hakuwa na masharti. Jioni Mkuu wa Wilaya alionekana akizunguka mji mdomo wazi. Kesho yake walikuwa makatibu, mameneja, wakaguzi na wenyeviti wa kamati, foleni imezunguka soko. Hakuna aliyechomwa ganzi. Ilisemekana ganzi ni dalili ya kusitasita. Bwana Chikumbi, mtu mwenye bidii, aling'oa mawili, akakemewa kwa barua kwa kumzidi Mtukufu.

Siwema aliwacheka, nyumbani, mlango umefungwa. Walikuwa watu wazima na meno yalikuwa yao.

Lakini Jumatano ilikuja barua. Zoezi la kitaifa la pengo lingeanza Jumamosi, mbele ya kamera, ili raia wote wafuate, wazee kwa watoto. Na wa kwanza, kwa heshima ya Familia ya Mfano, angekuwa mtoto Mwatumu. Mama yake ndiye angemng'oa, kwa kuwa ingependeza zaidi.

Mahimbo aliisoma mara tatu, akaiweka juu ya cherehani kana kwamba itamchafua.

"Tuondoke," akasema. "Twende kwa dada yangu leo hii."

"Huko nako kuna shule, Mahimbo. Kuna kamera."

Mwatumu alikuwa amesimama mlangoni. Alikwisha kusikia yote.

"Mama, likitoka litaota jingine?"

Siwema angeweza kumdanganya, na karibu afanye hivyo. "Hapana, mwanangu. La utotoni ulikwisha kulitoa. Hili ni la maisha yako yote."

Mtoto hakulia. Alifunga tu midomo, akaibana kabisa, na tangu wakati ule hakusema wala hakula mbele ya mtu. Hilo ndilo lililomwumiza Siwema kuliko barua. Alikwisha kung'oa meno mia kadhaa ya watoto wa watu, akiandika "limepevuka" kwa mwandiko mzuri na kumalizia kwa nukta. Sasa aliona haya, kwamba ilibidi zamu ifike kwa wake ndipo akasirike hivi.

*

Ijumaa asubuhi Mheshimiwa Lukwaro alifika hospitali na wapiga picha kukagua kiti. Alikuwa na pengo jeusi katikati ya mdomo, amelitanguliza mbele kama nishani.

"Tabibu hodari!" akasema. "Keho ni hiku kubwa ha taifa!"

Siwema akashtuka kidogo. Wenye pengo la jino moja aliwasikia kila siku, na hakuna aliyeharibu maneno kiasi hicho. Akamsogelea. Akasikia harufu ya dawa ya viatu.

"Mheshimiwa," akasema kwa unyenyekevu, "ingefaa upigwe picha umekaa kitini, taifa lijue viongozi walitangulia. Ila wapiga picha wakanawe mikono kwanza, ndiyo kanuni. Bomba liko nyuma ya jengo."

Waziri hakuwahi kukataa picha. Akakaa. Siwema akafunga mlango, akawasha taa, nayo siku hiyo ikapenda, ikawaka.

"Fungua mdomo. Zaidi. Vizuri."

Akachovya pamba kwenye spiriti, akaipitisha pale penye pengo mara moja tu. Pamba ikatoka nyeusi. Chini yake palikuwa na jino jeupe, kubwa, limetulia.

"Hongera," akasema Siwema. "Limeota tena."

Waziri alifunga mdomo haraka. Alipoufungua, herufi zake zote zilikuwa zimerudi. "Sasa sikiliza, mama. Sikiliza sana. Naweza kukuhamisha leo saa sita, ukang'oe meno ya mamba!"

"Unaweza. Wapiga picha wako hapo nje, nasikia wamekwisha kufunga bomba. Niwaite kwanza?"

Jasho likaanza kumtiririka Mheshimiwa kwenye paji.

"Unataka nini?"

"Mwanangu abaki na meno yake. Na watoto wa wenzangu."

"Haiwezekani! Mtukufu amekwisha kutangaza. Agizo lake haligeuzwi."

"Nani kasema uligeuze? Wewe lipandishe heshima mpaka lishindwe kutembea." Siwema alishangaa mwenyewe jinsi sauti yake ilivyotulia. "Pengo la Mtukufu ni moja tu nchini. Leo kila karani analo, hata wa mapokezi. Keshokutwa atakuwa nalo muuza karanga. La Mtukufu litatofautianaje na la muuza karanga?"

Mheshimiwa Lukwaro alitazama dari. Taratibu uso wake ukaanza kung'aa, kama mtu anayesikia ngoma yake ikipigwa kwa mbali.

"Ni kughushi," akanong'ona.

"Mimi sikulisema hilo."

"Ni kughushi pengo la taifa! Wamekwenda kwa fundi baiskeli, bila kibali, wakajitengenezea pengo la Mtukufu!" Alikuwa amekaa wima, amesahau kuogopa. "Na ni wangapi? Mamia! Na wakubwa! Na mimi peke yangu, katika baraza zima, nikapaka dawa ya viatu tu, nikabaki na jino langu, kwa heshima!"

"Ni kweli," akasema Siwema. "Na jambo la pili. Tofi za shule zitolewe mara moja tu kwa siku, baada ya chakula cha mchana. Kisha maji ya kusukutua. Na kila mtoto apewe mswaki, apige asubuhi na kabla ya kulala."

"Shemeji atasema nini?"

"Mwambie ni Tofi ya Heshima, ya kulikumbuka jino. Heshima gani inafanywa mara tano kwa siku, kengele ikilia, watoto wanasukumana?"

Siwema akampa karatasi ya kuandikia dawa ayaandike yote. Akamsimamia, koleo mkononi, mpaka waziri akatia sahihi.

Saa saba mchana tangazo lilisomwa redioni. Pengo la mbele likatangazwa kuwa alama ya taifa, na kuwa nalo bila kibali ni kosa la uhaini mdogo. Maafisa wote wangekaguliwa midomo Jumanne. Mheshimiwa Lukwaro akapewa nishani kwa kuona mbali. Mwatumu alisikiliza hadi mwisho, akamwuliza bibi yake kama ni kweli, akaomba ugali. Alikula sahani mbili.

Nishani ya Siwema haikuwapo, wala hakuitazamia. Bado kwenye daftari aliandika "limepevuka," na pembeni, kwa penseli, neno lenyewe. Miezi ilipopita benchi lake lilianza kupata nafasi za wazi, na wizara ikaeleza kwamba hayo ni matunda ya ile hotuba ya uwanjani.

Lakini nataka niwaache Jumatatu ile, siku moja kabla ya ukaguzi. Siwema alipofika kazini alikuta magari meusi yamejaa uwanja wa hospitali. Kuanzia mlangoni mpaka barabarani walipangana wakuu wa wilaya, makatibu, mameneja na wenyeviti wa kamati, na Bwana Chikumbi nyuma yao, kila mmoja ameziba mdomo kwa leso, wote wanataka meno ya bandia kabla jua halijatua. Watoto walikuwa wamesukumwa hadi mwisho wa foleni.

Siwema akatembea mpaka kule mwisho. Akamshika mkono msichana mdogo aliyevimba shavu, akawaita na wenzake wote waliobaki, akawapitisha mbele ya suti zile mpaka kwenye benchi, wakakaa. Kisha akageuka.

"Nyinyi mtasubiri watoto waishe," akasema. "Kama kuna mwenye la kupinga, aondoe leso aseme."

Akangoja kidogo. Hakuna aliyethubutu kufungua mdomo.